Ekografia yaondoa kubahatisha katika kutafuta mshipa wa mtoto

BUKAVU, Kivu Kusini. Mtoto anapofikishwa hospitalini akiwa ameishiwa maji kwa kuhara au amelegea kwa malaria kali, mojawapo ya kazi za kwanza za muuguzi ni kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Mara nyingi mishipa ya mikono huwa imenywea, na kila sindano inayokosea hupoteza muda.

Kwa familia za Mumosho, katika eneo la Kabare kusini mwa Bukavu, muda huo ni mali. Mgonjwa mahututi hupelekwa mjini, ziliko hospitali kubwa kama Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo na ile ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999.

Katika dharura, mhudumu aliyefunzwa anaweza kuchoma sindano maalumu kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti, na maji yakaingia mwilini kupitia uboho. Njia hiyo ni ya haraka, lakini haikusudiwi kuzidi saa 24. Mtoto anayehitaji dawa kali kwa siku nyingi, kusafishwa damu au upasuaji mkubwa huwekewa katheta ya kati: mrija mwembamba unaopitishwa shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena hadi kwenye mshipa mkubwa.

Hapo ndipo penye hatari. Shingoni, vena kubwa imelala ubavuni mwa ateri inayopeleka damu kwenye ubongo, na ncha ya pafu haiko mbali. Kwa mtoto mchanga, vena hiyo ina upana wa milimita chache tu. Kwa miaka mingi madaktari waliongozwa na vidole: kupapasa msuli wa shingo, kusikiliza mapigo, kisha kuchoma. Lakini si kila mtoto mshipa wake uko pale unapotarajiwa.

Ekografia, au altrasaundi kama wanavyoiita Watanzania na Wakenya, humwezesha daktari kuona kabla ya kuchoma. Kwenye skrini, vena hubonyea kipimio kinapokandamizwa. Ateri hukataa kubonyea na hudunda. Daktari hufuata ncha ya sindano hadi iingie, hupitisha waya mwembamba, kisha huteleza katheta juu yake. Mbinu hiyo ya waya ilibuniwa na Msweden Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliohusisha watoto wachanga 95, ulionyesha kuwa katheta ilifanikiwa kwa wote waliowekewa kwa ekografia, dhidi ya asilimia 77 kwa njia ya kupapasa. Ateri ilichomwa kwa robo ya kundi la kupapasa. Kwa ekografia, hakuna. Mwaka 2002, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza ekografia kwa katheta za shingoni zinazopangwa, kwa watu wazima na watoto.

Hata hivyo, mashine peke yake haitoshi. Kipimio cha kuwapima wajawazito huona mbali ndani ya tumbo. Mshipa wa mtoto uko karibu na ngozi na unahitaji kipimio bapa cha mawimbi ya juu. Anayekishika lazima afunzwe, kwani ncha ya sindano hupotea kwenye picha kwa urahisi. Usafi nao haupungui: katheta iliyowekwa vizuri bado inaweza kuingiza vijidudu kwenye damu.

Kuna pia umeme. Mumosho ndiko kiliko kituo cha Ruzizi II, kinachohudumia Kongo, Rwanda na Burundi tangu mwaka 1989. Lakini umeme kuzalishwa jirani si sawa na umeme kufika wodini. Mashine ndogo za betri hupunguza tatizo hilo, mradi ziwe na mahali pa kuchajiwa.

Mzazi anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kutia saini: kwa nini mtoto anahitaji katheta hii, je, itawekwa kwa kuongozwa na ekografia, na itaondolewa lini? La mwisho lisisahaulike, kwa maana katheta isiyohitajika tena ni mlango wa maradhi ulioachwa wazi.