Baraza, Sebule na Kyaghanda: Majina ya Mahali pa Kumpokea Mgeni, kutoka Lamu hadi Eringeti

Katika insha moja niliyoisahihisha, mwanafunzi mzaliwa wa Eringeti alieleza jinsi babu yake alivyokuwa akiwapokea wageni "barazani", kabla ya kuwaingiza ndani. Nililipigia mstari mwekundu neno hilo na kuandika pembeni: "veranda". Nilidhani kwamba kijana ameliazima kutoka Kifaransa cha kwetu Kongo, ambacho huita veranda *barza*, na kwamba baraza katika Kiswahili sanifu ni kikao cha wazee au chombo cha serikali, kama tusemavyo Baraza la Mawaziri. Aliyekosea ni mimi. Makala haya yanakusudia kueleza kosa hilo lilikuwa wapi, na kwa njia hiyo kuonyesha jambo pana zaidi, yaani kwamba majina mengi ya sehemu za nyumba katika Kiswahili hayataji tu chumba na vilivyomo, bali hutaja umbali ambao mgeni ameruhusiwa kufika.

Nyumba ya Lamu

Tuanzie mbali, katika mji wa Lamu, kwa kuwa nyumba ya huko imechunguzwa kwa makini kuliko nyumba nyingine za Waswahili. Msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake kuhusu mji huo mwaka 1975, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zake za mawe, nyingi zikiwa za karne ya 18, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ikiwa ndefu mno, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita tatu. Matokeo yake ni vyumba vyembamba na virefu, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Sababu ya mpango huo ni ya kiufundi, lakini wenyeji waliigeuza kuwa adabu.

Mtu atokaye njiani hukuta kwanza daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba huketi na wenzake, na mpita njia anaweza kupumzika bila kualikwa. Akikaribishwa kuvuka mlango, huingia katika tekani, mahali pa kungojea, ambapo njia hupinda ili aliye nje asione uani hata kama mlango uko wazi. Baada ya tekani kuna kiwanda, yaani ua usioezekwa. Kando yake huwa sabule, ambayo katika Kiswahili sanifu tunaiita sebule: chumba cha mgeni mwanamume, kilichotengwa ili aweze kula na kulala bila kukatiza maisha ya wenye nyumba. Ng'ambo ya kiwanda kuna misana miwili, wa tini na wa yuu, kama wasemavyo Waamu wenyewe, na sakafu hupanda kidogo kadiri mtu anavyoendelea mbele. Baada ya hapo kuna chumba kiitwacho ndani.

Tuone jina hilo la mwisho. Neno linaloonyesha mahali, ambalo kila mtoto hulitumia kusema kuku yumo ndani ya tenga, limekuwa jina la chumba kimoja mahususi. Si ajabu katika lugha ambayo humwalika mtu kwa kumwambia "karibu", neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kuwa si mbali. Anayeambiwa "karibu" hajaambiwa aingie, ameambiwa asogee. "Karibu ndani" ni ruhusa ya pili, na kuna watu wengi waliopewa ile ya kwanza maisha yao yote pasipo kupewa ya pili.

Katika chumba cha ndani ukuta hupambwa kwa zidaka (vidaka kwa Kiswahili sanifu), vishubaka vilivyochongwa katika plasta na kupangwa safu juu ya safu, ambamo huwekwa sahani za kaure na vyombo vingine vya thamani. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizi, ameeleza kwamba kaure hizo hazikuwa mapambo matupu: ziliaminiwa kuwa kinga dhidi ya mabaya, katika nyumba ambamo ndimo watoto walimozaliwa na ndimo maiti walimotayarishwa. Linalonivutia zaidi ni mpangilio wenyewe. Daka ni la kiasi, misana inapendeza zaidi, na uzuri hufikia kilele pale ambapo mwanamume wa nje hafiki. Mpambaji wa nyumba wa Ulaya au Marekani angefanya kinyume: kizuri kuliko vyote angekiweka mahali ambapo mgeni atakiona akiwa bado ameshika kofia yake. Wageni wanawake wa Lamu, ambao adabu iliwapitisha zaidi, waliyajua mapambo hayo vizuri kuliko waume zao walivyoyajua ya jirani.

Neno baraza na safari yake

Viti vya mawe vya mbele ya nyumba ndivyo vilivyoitwa baraza mahali pengi pa mwambao, na huko Zanzibar vinaitwa hivyo hadi leo. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, alilieleza neno hili katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Kwanza anakitaja kiti cha jiwe, kilicho nje ya nyumba au katika ukumbi wake, ambapo mwenye nyumba huwapokea rafiki zake hadharani. Maana ya kikao cha sultani anaitaja baadaye, kama maana iliyozaliwa na ile ya kwanza. Mzizi wa Kiarabu *b-r-z* hubeba wazo la kutokeza na kuonekana, na huko Oman barza ni kikao ambacho liwali husikilizia watu. Waswahili walikipa kikao hicho jiwe la kukalia, na jina la jiwe likarudi tena kwa watu wanaolikalia. Tanzania ilipounda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, hakuna aliyefikiria tena viti vya mlangoni.

Neno liliingia bara pamoja na misafara ya pembe. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka 1887 alikuta humo vituo vya wafanyabiashara waliotoka mwambao na Manyema, miongoni mwao Ugarrowwa na Kilonga-Longa. Watu hao walikuja na bunduki na minyororo, na tusijidanganye kwamba neno la kwanza walilowaambia wenyeji lilikuwa karibu. Hata hivyo lugha yao ilibaki. Utawala wa Kibelgiji uliikuta na kuitumia mashariki mwa nchi, na Wabelgiji wenyewe, ambao nyumba zao zilikuwa na veranda pana za kukingia jua na mvua, waliiita veranda hiyo *barza*. Karani au mkuu wa kijiji aliyekuja na shauri kwa kawaida alisikilizwa hapo, akiwa amesimama, na hapo ndipo ugeni wake ulipokwisha.

Kwa hiyo Kifaransa cha Kongo ndicho kilichokopa kutoka Kiswahili. Mwanafunzi wangu alilitumia neno katika maana ambayo Steere aliitanguliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mimi nililihukumu kwa maana iliyotokana nayo. Naogopa kwamba si mimi peke yangu. Walimu tuliosomea Kiswahili sanifu vitabuni tumezoea kudhani kwamba neno la kijijini likifanana na la Kifaransa basi ni uchafu uliopaswa kufutwa, na mtoto anayefutiwa hivyo mara tatu hujifunza kuionea haya lugha ya babu yake.

Nyumba ya Eringeti

Eringeti iko kaskazini ya mji wa Beni, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 iendayo Komanda, karibu na mpaka wa Ituri. Wanande wanaishi hapo pamoja na Wambuba, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, na Wambuti wa msituni. Nyumba ni za miti na udongo au za mbao, zikiezekwa kwa mabati au majani. Mbele yake udongo huinuliwa na kushindiliwa chini ya upenu, na benchi la ubao huwekwa ukutani. Hilo ndilo baraza. Hapo maharagwe humenywa, habari za njia huulizwa, na kakao iliyoanikwa mbele ya nyumba hulindwa isiliwe na mbuzi.

Anayefika hubisha "hodi", awe Mnande, Mmbuba au mchuuzi wa kutoka Butembo. Watu ambao lugha zao za nyumbani hazina hata mzizi mmoja wa pamoja wanakutana katika neno hilo moja la kizingitini, na sijui hoja nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini Kiswahili kilihitajiwa huku.

Nyuma ya mlango hakuna sebule. Neno hilo linajulikana kutoka vitabu vya shule. Watu husema salo, kutoka Kifaransa. Viti vimepangwa kuzunguka kuta, meza fupi iko katikati, na juu ya vyote kuna vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono na mama wa nyumba au binti zake. Ukutani kuna kalenda ya parokia, picha ya harusi, na diploma ya yule mtoto aliyemaliza masomo. Hapa kanuni ya Lamu imepinduliwa: kila kilicho bora kimeletwa mbele ili mgeni akione. Lakini mpaka haukufutwa, kwa maana pazia linaloning'inia kwenye mlango wa vyumba vya kulala hufanya kazi ile ile ya kona ya tekani. Jiko liko nje, nyuma. Mwanamke aliyezoeana na wenye nyumba huzunguka moja kwa moja hadi jikoni pasipo kupitia salo, na kumketisha kwenye kiti chenye kitambaa kungekuwa kumwambia kwamba urafiki umepoa.

Wazee wa Kinande walikuwa na mahali pengine zaidi, ekyaghanda, kibanda chenye moto ambapo wanaume walikutana jioni, vijana walifundishwa, mashauri yalikatwa, na mgeni alipokelewa kabla ya nyumba yoyote kumpokea. Katika vijiji vingi kibanda hicho hakijengwi tena. Jina lake hata hivyo linaishi: chama cha jamii ya Wayira, yaani Wanande, kinaitwa Kyaghanda Yira. Vivyo hivyo, viongozi wa jamii za Kivu Kaskazini walipounda mwaka 1998 chombo cha kupatanisha makabila, walikiita Barza Intercommunautaire. Maneno mawili yasiyo na undugu, moja la Kinande na moja lililotoka ng'ambo ya bahari, yamepita njia moja: kutoka mahali pa kuketi na mgeni hadi jina la watu waliokubali kuketi pamoja. Ndiyo maana naona kuwa ni hasara kuifundisha maana ya pili na kuifuta ya kwanza.

Imebaki habari ambayo hakuna anayeandika juu ya nyumba za Eringeti anaweza kuikwepa. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limeona mauaji ya raia yasiyohesabika kwa urahisi. Eringeti yenyewe imeshambuliwa zaidi ya mara moja, na tarehe 29 Novemba 2015 hata hospitali haikusazwa. Watu wamekimbilia Oicha, Beni na Komanda, wakarudi, wakakimbia tena; na katika vipindi vya utulivu Eringeti imewapokea watu wa vijiji vya pembeni. Wengi wao hawakai kambini bali katika nyumba za watu. Viti vya salo hupandishwa kimoja juu ya kingine, mikeka hutandikwa, na familia nzima hulala pale palipokusudiwa maongezi ya saa moja. Methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, inakwama hapa, kwa sababu shamba la kulimwa ndilo lililokimbiwa.

Nilipokuwa nikiuliza majina ya sehemu za nyumba, mama mmoja aliyekuwa amewapokea ndugu wa mumewe alinisahihisha niliposema "wageni wako". Alieleza kwamba mgeni huishia kwenye pazia. Hawa wamekwisha lipita. Watoto wao na wake hulala kitanda kimoja, na shemeji yake hupika katika jiko lake. Kuwaita wageni kungekuwa kuwarudisha barazani. Neno la Kifaransa linalotumiwa na mashirika, *déplacé*, alilifahamu vizuri, na hulitumia anapojiandikisha kwa ajili ya msaada, lakini si nyumbani.

Yapo majina ambayo sikuweza kuyapata: jinsi Wambuba wanavyokiita kizingiti na nafasi iliyo mbele yake, na iwapo katika ekyaghanda upande wa mgeni wa moto ulikuwa na jina lake. Wanaoyajua ni wazee, na wengi wao sasa wanaishi katika nyumba za watu wengine huko Oicha na Beni. Wasomaji wenye jamaa huko wanaombwa kuwauliza, na kutuandikia neno kama lilivyotamkwa, bila kulisanifisha.