Nyumba ya Kukarabati na Kuuza Kariakoo: Hati, Ukuta na Risiti

Nyumba kongwe ya Kariakoo inajulikana kwa umbo lake: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko, choo na bafu. Karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja zimebaki chache, na bei yake imo kwenye kiwanja kuliko kwenye kuta. Kwa hiyo anayetaka kuikarabati ili aiuze hujiuliza kwanza itanunuliwa na nani. Mnunuzi wa kujenga ghorofa la fremu ataibomoa, na taili mpya zitaondoka na kifusi. Huyo anatafuta hati safi, basi.

Hati ndiyo yenye mitego. Nyumba nyingi huko ni za urithi, na kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi hakuna sababu ya kumwita fundi. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwaka huohuo majengo mengi ya upande wa Uhindini yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake baadaye zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa. Anayekaa humo ni mpangaji, hata kama alitoa kilemba kizito, na mpangaji hana cha kuuza.

Rangi na plasta hazina mzozo. Kuvunja ukuta unaobeba paa, kuongeza ghorofa, kuchimba chini au kugeuza vyumba vya kulala kuwa fremu ni kazi za kuombewa kibali Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa michoro na uthibitisho wa umiliki, kabla sururu haijainuliwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka pale Mchikichi na Manyema na kuua watu takriban 30. Iliripotiwa kwamba chini yake kulikuwa na uchimbaji. Tangu hapo mnunuzi makini huja na mhandisi wake.

Mhandisi huyo huanza na sehemu ya chini ya ukuta. Maji ya ardhini yako karibu, yana chumvi, na ukuta usio na kizuizi cha unyevu huyafyonza. Rangi huvimba, humenyuka, na kidole kikipitishwa hutoka na unga mweupe. Kupaka rangi juu yake ni kuficha kwa miezi michache. Plasta ibanduliwe mpaka kwenye tofali, ukuta ukauke, na unyevu uzuiwe chini.

Mwisho huja kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 kwa mkazi wa Tanzania, inayolipwa kabla umiliki haujahamishwa. Tuseme nyumba imenunuliwa kwa shilingi milioni 300, ikakarabatiwa kwa milioni 80, ikauzwa milioni 450. Faida ni milioni 70, kodi milioni 7. Risiti za saruji, nondo na mafundi zikikosekana, gharama ya ukarabati haithibitiki: faida inasomeka milioni 150, na kodi inapanda hadi milioni 15.