Akiba haiozi: Maandalizi ya jikoni yanavyopunguza gharama kwa kaya za Mwanza

Kwa kaya nyingi za Jiji la Mwanza na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, fedha ya matumizi hutoka kidogo kidogo: kopo la mkaa asubuhi, ndoo ya maji mchana, fungu la dagaa jioni. Kila kimoja huonekana kuwa cha bei nafuu kinaponunuliwa. Hata hivyo, mwisho wa mwezi jumla ya vitu hivyo huzidi fedha ambayo kaya hiyo ingetumia kama ingenunua kwa wakati unaofaa, ikahifadhi vizuri na kuandaa chakula mapema.

Wahenga walisema akiba haiozi. Jikoni usemi huo una sharti lake. Dagaa wenye unyevu huoza, mahindi yasiyokauka huota ukungu, na maji yasiyotibiwa huleta maradhi yanayomaliza fedha yote iliyookolewa. Kwa sababu hiyo, kubana matumizi si kula kidogo wala kununua kila mara kitu cha bei ya chini kuliko vyote. Ni kazi inayofanyika kabla moto haujawashwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mtaji.

Dagaa hununuliwa kwa kufuata mwezi

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa ambazo mwanga wake huwavuta kuja juu ya maji. Mbalamwezi inapong'aa, mwanga wa taa hupoteza nguvu, uvuvi hupungua na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Giza linaporejea, mitumbwi hurudi ziwani na dagaa hujaa tena katika mialo na masoko, likiwemo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wilayani Ilemela. Kwa mnunuzi wa nyumbani somo ni moja: siku za giza ni za kununua, na siku za mbalamwezi ni za kula akiba. Vilevile, kipindi cha mvua huvuruga uanikaji, hivyo akiba nzuri huwekwa wakati jua lingali kali.

Bei ya chini pekee haitoshi kuwa kigezo. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga huo hadi sokoni, na anayenunua kwa kopo au sado huulipia kwa bei ya dagaa. Baadaye hutumia maji mengi kuwaosha, na bado mboga huwa na mchanga. Dagaa walioanikwa juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini huweza kuuzwa kwa bei ya juu kidogo, lakini wote huingia chunguni. Mnunuzi anaweza kuwapima kwa urahisi: awasugue kidogo juu ya karatasi na kuangalia kama mchanga unadondoka, kisha amkunje dagaa mmoja. Aliyekauka vizuri huvunjika. Anayepinda bila kuvunjika bado ana unyevu, na rangi ya kahawia pamoja na harufu ya mafuta yaliyochacha ni dalili kwamba ameanza kuharibika.

Wakifika nyumbani, dagaa wachambuliwe, waanikwe tena juani kwa saa moja au mbili, waachwe wapoe, kisha wawekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Wasifungwe wakiwa na joto, kwa kuwa mvuke hugeuka maji ndani ya chombo na kuleta ukungu. Vichwa vilivyoondolewa vikikaushwa na kutwangwa hufaa kuongezwa katika chakula cha kuku.

Thamani ya dagaa ni kubwa kuliko bei yao inavyoonesha. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokauka vizuri ni protini, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, humpatia mlaji madini ya kalisi. Kaya isiyoweza kununua nyama kila wiki inaweza kukaanga dagaa kidogo bila mafuta, kuwatwanga, kuchekecha unga wake na kuuchanganya katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6 au zaidi.

Ujuzi wa Wasukuma wa kukausha chakula

Kabla ya majokofu kuingia mijini, jamii za Usukuma zilikuwa zimekwisha kupata njia ya kuvusha chakula kutoka msimu wa mavuno hadi msimu wa uhaba. Viazi vitamu huvunwa kwa wingi katika kipindi kifupi, bei yake hushuka na vingi huharibika. Vikimenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa na kuwa nsansa, mboga inayokaa kwa miezi.

Ujuzi huo bado unafaa kwa kaya ya mjini inayonunua gunia la viazi kwa kushirikiana na majirani wakati wa mavuno. Vipande vikatwe kwa unene unaolingana ili vikauke kwa pamoja, vianikwe juu ya chanja au turubai safi, na viingizwe ndani kila jioni kabla ya umande. Mboga za majani na viazi lishe vyenye rangi ya chungwa vikaushwe kivulini mahali penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza vitamini A. Aidha, chakula kilichokaushwa kikaguliwe kila baada ya wiki chache na kuanikwa upya kabla wadudu hawajaenea.

Mahindi yanahitaji uangalifu zaidi. Nafaka iliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na aina fulani za ukungu huzalisha sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kukoboa na kuosha pekee. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi yenye ukungu hayapaswi kuliwa na binadamu wala kupewa mifugo, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Ipo njia ya kupima ukavu bila kifaa cha kununua. Mahindi machache huwekwa katika chupa ya kioo iliyokauka kabisa pamoja na chumvi kavu, chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika kadhaa na kuachwa itulie. Chumvi ikigandamana katika kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe juani. Ikidondoka yote chini, nafaka imekaribia ukavu unaofaa kuhifadhiwa. Baada ya hapo, mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana kama mifuko ya kinga njaa, huzuia wadudu bila kutumia dawa.

Kupunguza muda wa moto

Nishati ya kupikia ni eneo la pili ambamo fedha hupotea bila kuonekana. Mkaa unaonunuliwa kwa kopo huwa ghali kuliko unaonunuliwa kwa gunia, na anayelipa zaidi ni mwenye kipato kidogo, asiyeweza kutoa fedha ya gunia kwa mara moja. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupunguza muda ambao moto unahitajika.

Maharage, kunde na makande vilowekwe usiku kucha, na maji ya kulowekea yamwagwe kabla ya kupika. Sufuria ifunikwe muda wote, kwa kuwa mvuke unaotoka ni joto lililokwisha kulipiwa. Chakula kikianza kuchemka, moto upunguzwe, kwani moto mkali hauongezi joto la maji yanayochemka bali huyakausha tu.

Njia nyingine ni kapu la joto. Kapu kubwa hutandikwa ndani kwa blanketi kuukuu au mto wa matambara. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa muda wa nusu saa, kisha sufuria iliyofunikwa huwekwa ndani ya kapu na kufunikwa pande zote kwa saa tatu au nne. Joto lililomo huendelea kuivisha chakula bila moto wowote. Maharage yasiingizwe katika kapu kabla ya kuchemka vizuri, kwa kuwa maharage ambayo hayajachemshwa kwa nguvu yanaweza kudhuru tumbo. Yakitoka, yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa.

Kwa wanaotumia mkaa, makaa yaliyobaki yazimwe kwa kuyafunika ndani ya chombo cha bati kisichopitisha hewa ili yatumike tena. Jiko lenye makaa lisiingizwe chumba cha kulala kwa sababu yoyote, hata wakati wa baridi ya mvua. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 mnamo Mei 8, 2024, kwa lengo la kuwezesha asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya yenye umeme, kuhama huko kunahitaji hesabu. Jiko la wati 1,000 likiwaka kwa saa moja hutumia uniti moja. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, iwapo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, sawa na uniti mbili na nusu kwa siku. Akizidisha kiwango hicho bei hupanda sana. Maharage yaliyopikwa saa mbili kwenye jiko la sahani la ukubwa huo yanaweza kumaliza karibu mgao wote wa siku. Jungu la umeme la presha hutumia kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa huzima lenyewe presha inapotosha na huhifadhi joto ndani.

Maji ya ziwa si maji ya bure

Wakazi wa mwambao hushawishika kuchota maji ziwani ili kuepuka gharama. Maji hayo yana gharama isiyoandikwa. Kichocho, kinachopatikana katika maeneo mengi ya mwambao wa Ziwa Victoria, huingia kupitia ngozi mtu anapogusa maji yenye vimelea, hivyo anayeingia ziwani kuchota, kufua au kuosha vyombo anaweza kuambukizwa bila kunywa hata tone. Kipindupindu nacho husafiri kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Maji yaliyochotwa ziwani kwa ajili ya kuoga na kufua yakiachwa katika chombo kilichofunikwa kwa saa 48, vimelea vya kichocho hufa, ingawa hayawi salama kwa kunywa. Kuchemsha kwa ajili ya kunywa kufanyike mara baada ya mlo kupikwa, jiko likiwa bado na moto, badala ya kuwasha moto mwingine.

Mvua ni chanzo kingine kilicho juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 30 inaponyeshewa milimita 20 huweza kukusanya lita zisizozidi 600, na hata zikipungua kwa kumwagika, zilizobaki hutosha kujaza ndoo nyingi za lita 20. Maji ya dakika za mwanzo yaachwe yapite ili yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Daftari la wiki moja

Si lazima kaya ianze hatua zote kwa pamoja. Kwa wiki moja, mhusika wa jikoni aandike kila kopo la mkaa, kila ndoo ya maji, kila fungu la mboga na kila chakula kilichotupwa. Jumla ikizidishwa kwa nne, hupatikana makadirio ya mwezi, na hapo huonekana eneo linalovuja zaidi. Wiki inayofuata ilenge eneo hilo moja, na fedha itakayookolewa itengwe kwa ununuzi wa jumla: gunia badala ya kopo, au sado ya dagaa wa siku za giza badala ya fungu la kila jioni.

Wanafamilia wote washirikishwe, wakiwemo watoto na wanaume, kwa kuwa kuloweka maharage usiku, kufunika sufuria na kuingiza viazi kabla ya umande ni kazi zinazoweza kufanywa na yeyote. Ushauri kuhusu uhifadhi wa mazao na lishe hutolewa na maofisa ugani na maofisa lishe wa halmashauri, na wananchi wanahimizwa kuwafikia kupitia ofisi za kata.