Kitabu Kikipitwa na Wakati: Jinsi Maktaba Inavyochagua na Kuondoa Vitabu

Nianze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwaka 2008 mama mmoja wa jumuiya yetu alifika zahanati akiwa na mtoto mgongoni, mtoto ana homa ya siku mbili. Kabla ya kuja alikuwa amezunguka maduka yote ya soko akitafuta klorokwini, na hakuipata. Sista alipomuuliza ni nani aliyemwambia atafute dawa hiyo, mama akafungua mkoba akatoa kitabu. Kilikuwa ni mwongozo wa afya ya familia, jalada limechanika, lakini kurasa ziko sawa na vipimo vya tembe vimeandikwa vizuri kabisa kulingana na umri wa mtoto.

"Mama, hiyo dawa tuliacha kitambo," sista akasema.

Mtoto alipimwa, akatibiwa, akapona. Lakini ndani ya kile kitabu kulikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa wa maktaba yetu ya parokia. Ufunguo wa maktaba nilikuwa nao mimi.

Klorokwini ilikuwa dawa nzuri ya malaria wakati wake. Vimelea vikaizoea, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Dawa za aina ya sulfa zilizochukua nafasi yake nazo zikaanza kushindwa, hivyo mwaka 2004 serikali ikaamua kuhamia dawa ya mchanganyiko, ile ya artemetha na lumefantrini, ambayo ilianza kutumika mwaka 2006. Kwa hivyo kitabu chetu kilikuwa kimepitwa mara mbili, na bado kilikaa kwenye rafu kikingoja mtu wa kukiamini. Mama hakukosea hata kidogo. Alifanya vile sisi tunavyowahimiza watu kila mkutano: someni, someni.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wakutubi jinsi wanavyofanya kazi yao. Wengi wetu tunadhani kazi ya maktaba ni kukusanya tu, ati kadiri vitabu vinavyozidi ndivyo maktaba inavyokuwa bora. Sivyo. Maktaba huchagua mara mbili: mara ya kwanza kitabu kinapoingia, na mara ya pili inapojiuliza kama kitabu hicho kiendelee kukaa.

Mwaka 1931 mkutubi mmoja wa Kihindi, S. R. Ranganathan wa Madras, alichapisha kanuni tano za maktaba ambazo bado zinafundishwa vyuoni. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Inaonekana rahisi, lakini nenda katika ofisi nyingi uone vitabu vilivyofungiwa kabatini visichafuke! Ya pili na ya tatu zinataka kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Ya nne ni kumwokolea msomaji wakati, na ya mwisho inasema maktaba ni kitu chenye uhai, kinachokua.

Mwaka huo huo wa 1931, hapa Nairobi, ilifunguliwa maktaba ya McMillan, lile jengo la nguzo kubwa lenye sanamu za simba mlangoni. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo ndipo unaona uchaguzi wa vitabu unakoanzia. Ukishaamua kwamba msomaji wako ni setla, utanunua vitabu vya setla, na hutahisi kwamba kuna kitu kinachokosekana.

Kwa hivyo swali la kwanza ni nani anayekuja. Sisi tulikaa mlangoni Jumamosi mbili na daftari. Walikuja wanafunzi wa sekondari, akina mama wa vikundi vya kuku na maziwa, vijana wanaotafuta kazi, na wazee wanaosoma gazeti. Halafu tukageuka kutazama rafu. Tulikuwa na sheria za kodi za Marekani, mwongozo wa kompyuta ambazo hata jumba la makumbusho halina, na katoni nzima ya riwaya zilizokosa sehemu ya pili. Hakuna mtu aliyechagua vitabu hivyo. Vililetwa, tukashukuru, tukapiga muhuri.

Zawadi nayo ni lazima ichaguliwe. Wale wanaojulikana leo kama Book Aid International walianza mwaka 1954 wakituma vitabu vilivyokwisha kusomwa, na siku hizi wanatuma vitabu vipya peke yake. Ikiwa mtoaji mwenyewe amebadilisha mtindo, mpokeaji naye anaweza kusema kwa adabu, "Asanteni, lakini tunachohitaji ni hiki." Sisi tuliandika barua ya namna hiyo. Padri alisitasita kidogo kabla ya kuweka sahihi, na mimi simlaumu, kwa sababu si rahisi kumkatalia mtu mwenye moyo mzuri.

Wakati wa kununua, maktaba nzuri huwa na sera iliyoandikwa, hata kama ni ukurasa mmoja: tunamhudumia nani, kwa lugha gani, kiasi gani cha pesa kiende kwa watoto, na nani ana neno la mwisho. Wasomaji huachiwa daftari la kuandika wanachotaka. Kwa vitabu vya shule kuna orodha ya KICD ya vitabu vilivyoidhinishwa, ile walimu wanayoiita Orange Book. Angalia pia idadi ya nakala. Riwaya ikiwa kitabu teule cha mtihani, nakala ishirini hazitoshi. Siku inapotoka, nakala kumi na nane zinakuwa mzigo. Yeyote aliyeshuhudia Chozi la Heri ikichukua nafasi ya Kidagaa Kimemwozea anajua ninachosema. Zote mbili ni riwaya nzuri za kuwekwa maktabani, lakini si kwa wingi ule ule.

Sasa tuje kwenye kuondoa, ambako ndiko tunakoogopa. Katika malezi yetu kutupa kitabu ni kama kutupa chakula. Wakutubi lakini huita kazi hii kupalilia, na mkulima anaelewa mara moja. Mwaka 1976 maktaba ya jimbo la Texas, Marekani, ilitoa mwongozo wa Joseph Segal ambao umetumika sana tangu wakati huo. Unataka kazi hii iwe ya kila siku, isingoje rafu zivunjike. Kitabu huulizwa: Je, kinapotosha? Kimechakaa hata hakishikiki? Kuna toleo jipya lililokipita? Kilikuwa cha msimu tu? Hakiwahusu watu wa hapa? Kinapatikana mahali pengine kwa urahisi? Pamoja na hayo hutazamwa miaka tangu kichapishwe na miaka tangu kiazimwe mara ya mwisho. Vitabu vya udaktari hupewa miaka michache. Riwaya haiulizwi umri wake, huulizwa tu kama bado inasomwa.

Kwangu mimi hilo swali la kwanza lina uzito kuliko mengine yote. Kitabu kibovu cha hadithi kitakupotezea jioni moja, lakini cha afya, cha madawa ya shambani ama cha sheria kinaweza kukuumiza. Ramani inayoonyesha mikoa minane, bila kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013, itamkosesha mtoto alama. Inayoonyesha Sudan ikiwa nchi moja ilipitwa mwaka 2011. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na bado nimeona rafu nzima za mazoezi ya mtihani huo.

Vipi kuhusu kisichosomwa na mtu? Katika chuo kikuu cha Pittsburgh, Marekani, watafiti walifuata vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969, na ripoti yao ya 1979 ilionyesha kwamba karibu asilimia 40 havikuwa vimeazimwa hata mara moja mpaka mwaka 1975. Hao ni watu wenye pesa na wataalamu. Lakini polepole hapo! Mwaka 1996 mji wa San Francisco ulifungua maktaba mpya, nafasi ya rafu ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na mwandishi Nicholson Baker akalalamika hadharani kwamba vitabu zaidi ya 200,000 vilitupwa, vingi jaani. Maktaba ilibishana naye juu ya hesabu, lakini uchungu wa watu ulikuwa wa kweli. Waliona mali yao imeondolewa bila wao kujua.

Sisi tuliwekeana mpaka. Chochote kilichoandikwa hapa kwetu, ama kuhusu hapa kwetu, hakiondoki: kijitabu cha jubilei ya parokia, nyimbo za lugha ya mama, ripoti ya mradi wa maji, hata kama hakijaguswa miaka kumi. Maktaba ya taifa ndiyo yenye kazi ya kuhifadhi vitabu vinavyochapishwa Kenya, lakini karatasi zilizopigwa taipu na katekista mzee hazikupita kwa mchapishaji. Zikipotea kwetu zimepotea kabisa.

Kuna jambo jingine linalovaa nguo za kupalilia, nalo ni kunyima. Mwanakamati mmoja aliwahi kutaka kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wa vijana kiondolewe, "kwa vile ni cha zamani." Kilikuwa na miaka mitatu! Historia hii tunaijua. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, ilichapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, na mwaka 1987 polisi wakaikusanya kutoka madukani. Kanisa letu lenyewe lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa tangu 1559, nayo ikaachwa mwaka 1966. Tangazo la UNESCO juu ya maktaba za umma, la mwaka 1994, linasema vitabu visichujwe kwa sababu za itikadi, siasa ama dini. Maktaba ya parokia si ya serikali, na ina haki ya kuwa na sura yake. Hata hivyo ni lazima mtu ajiulize kwa unyofu: naondoa kitabu hiki kwa kuwa hakimfai mtu yeyote, ama kwa kuwa sitaki mwenzangu akisome?

Siku hizi anayelalamika hujaza karatasi na kuonyesha ukurasa. Watu wawili hukisoma kitabu chote, sio mistari iliyopigwa alama tu, na jibu hutoka ndani ya mwezi mmoja. Wakati huo kitabu hukaa rafuni. Kile cha vijana kingali hapo, na ndicho kinachorudi kikiwa kimekunjwa zaidi.

Kuhusu njia ya kuondoa, fanyeni mchana, watu wakijua. Andikeni orodha, ibandikeni ukutani wiki mbili, kateni jina kwenye rejista, na pigeni muhuri wa kuondolewa ili kisirudi kwa kuokotwa. Maktaba ya kaunti haiwezi kugawa vitabu kiholela kwa sababu ni mali ya umma, na kuna sheria ya mwaka 2015 inayosimamia jinsi ya kuondoa mali ya umma. Kwetu sisi kilicho kizima tunauza kwa shilingi kumi ama tunapatia shule. Chenye ukungu tunachoma, maana ukungu huhama. Kinachopotosha hakipewi mtu. Nilisikitika kusikia kituo kimoja kiliondoa vitabu vyake vya zamani vya afya, kikavipeleka shule ya jirani kama msaada.

Mara ya kwanza tulipomaliza kazi hii, rafu mbili zilibaki tupu kabisa. Mzee mmoja wa gazeti akaniuliza, "Madam, kwani mmefilisika?" Nikamwambia hapana, ila sikuwa na pesa ya kuzijaza, na zilikaa tupu karibu mwaka mzima. Kila Januari tunaanza na rafu ya afya, pamoja na sista wa zahanati, kitabu kwa kitabu. Kile cha klorokwini hatukukichoma. Kimo kwenye droo ya ofisi na muhuri mwekundu juu, na yeyote anayeingia katika kamati ya maktaba huonyeshwa ule ukurasa wa vipimo kabla ya kupewa ufunguo.