Anacheka, Lakini Je, Anafurahi?

Mfalme Abimeleki alipochungulia dirishani alimwona Isaka akicheza na Rebeka. Akatambua papo hapo kuwa hao si ndugu bali ni mume na mke (Mwanzo 26:8). Hata jina Isaka maana yake ni "anacheka". Basi mchezo na kicheko katika ndoa si aibu.

Mchezo mmojawapo ni kutekenyana. Lakini mama mmoja alinieleza huku akilengwa na machozi: "Mume wangu hunibana na kunitekenya mbavuni hadi nakosa pumzi. Nikimwambia aache, hunijibu, 'Mbona unacheka?'"

Kosa liko hapo. Kicheko cha kutekenywa huja chenyewe, hata kwa mtu anayeumia. Mwaka 1998 wataalamu wa London walionyesha kuwa ubongo hutambua mapema mguso wa mkono wako mwenyewe na kuupunguza makali. Ndiyo maana huwezi kujitekenya. Mguso wa mwenzako hauzuiliki hivyo. Kwa hiyo kicheko peke yake si ruhusa.

Wanandoa wazingatie haya:

1. Kubalianeni kwanza, mkiwa mmetulia, ni wapi panapendeza na wapi hapaguswi.

2. Chagueni neno la kuacha, au kupiga godoro mara mbili, maana anayecheka sana hushindwa kusema. Ishara ikitolewa, mikono iondoke mara moja.

3. Usimkalie mwenzako wala kumfunga mikono.

4. Anzeni taratibu, kwa muda mfupi, mbali na ukingo wa kitanda, kucha zikiwa fupi. Pumzikeni mvute hewa.

5. Mwenye pumu, maumivu ya mgongo au mshono wa upasuaji asitekenywe. Mjamzito naye ahurumiwe.

Wapo wanaodai kuwa mwili wa mke ni mali ya mume. Wasome mstari wote: 1 Wakorintho 7:4 yasema vivyo hivyo juu ya mwili wa mume. Nasi wake tusimtekenye baba asiyependa.

Yule mama alingoja jioni tulivu, akamweleza mumewe bila hasira. Mume alishangaa, miaka yote alidhani anamfurahisha. Siku hizi huuliza kwanza. "Na sasa," aliniambia, "nacheka kweli."