Mgongo Unauma, Mafigo Yanakufa

Miongoni mwa maadui watatu tuliowatangazia vita tangu tulipoanza kujitawala, yaani ujinga, umasikini na maradhi, tumezoea kumzungumza kila mmoja peke yake, kana kwamba kila adui ana kambi yake. Hali halisi sivyo ilivyo. Upo ugonjwa mmoja ambao maadui hao watatu huingia nao nyumbani kwa mlango mmoja, nao ndio ninaokusudia kuueleza leo katika safu hii. Wataalamu wanauita mayeloma. Ni saratani ya uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa.

Mzee mmoja wa tawi letu, mkulima wa karafuu asiyekosa mkutano, alianza kulalamika mgongo. Hapana aliyestaajabu. Mtu aliyepanda mikarafuu tangu utotoni, akabeba magunia na kulala juu ya mkeka, mgongo usipomuuma yeye umuume nani? Akachuliwa, akapigwa chuku, kisha akaanza kununua dukani vidonge vya diklofenaki, vitatu kwa siku, na pindi maumivu yalipozidi alitafutiwa sindano ya dawa hiyohiyo. Miezi sita ikapita. Akawa mweupe wa viganja, mchovu, mwenye kiu isiyokatika na choo kigumu, na hatimaye akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wapo waliosema ana shetani. Zahanati alikopelekwa mkojo wake ulipimwa kwa kijiti mara mbili, na mara zote mbili jamaa zake waliambiwa kuwa mkojo ni safi. Alipovushwa hadi Dar es Salaam ndipo ilipojulikana kuwa mgongo ule ulikuwa umeliwa na saratani, na mafigo yote mawili yalikuwa yamekwisha kazi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yafaa ielezwe namna ugonjwa wa mifupa unavyoweza kuyaua mafigo, maana bila ya kulielewa hilo mambo mengine yote hayatafahamika. Ndani ya uboho zimo chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, silaha ambazo mwili hupigania vijidudu vya maradhi. Kila kingamwili huundwa kwa minyororo ya protini, mizito na miepesi, iliyofungamana. Chembe moja ikiharibika na kuanza kuzaana bila mpango, hutoa kingamwili za aina moja tu zisizo na faida, na aghalabu hutoa minyororo miepesi mingi kupita kiasi, ambayo huzagaa katika damu bila ya kufungamana na kitu chochote.

Figo ni chujio. Kila figo lina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja, na mafigo mawili huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, wakarudisha mwilini karibu yote. Minyororo miepesi, kwa udogo wake, hupenya kwenye chujio. Ikiwa michache, mirija ya figo huimeza na kuivunja. Ikiwa mingi, mirija huelemewa, na ile inayobakia hukutana huko mbele na protini nyingine ya figo lenyewe, zikashikamana na kuganda kama nta ndani ya bomba. Mkojo hukosa njia na mirija hupasuka na kuvimba. Wakati huohuo mifupa inayoliwa humwaga kalisi nyingi katika damu. Kalisi hiyo humfanya mgonjwa akojoe sana, akaukiwe na maji, apate kiu, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Na kadiri mwili unavyokauka ndivyo ile nta inavyozidi kuganda. Shetani wa mzee wetu, basi, alikuwa ni kalisi.

Jambo hili si geni katika elimu ya uganga. Mwaka 1845 mganga mmoja wa London, Henry Bence Jones, alipelekewa mkojo wa mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 45 aliyekuwa akiumwa mifupa. Ndani ya mkojo ule mlikuwa na kitu cha ajabu: kikiganda kilipokuwa na uvuguvugu, kikiyeyuka kilipochemshwa, kisha kikiganda tena kilipopoa. Mgonjwa alifariki mwanzoni mwa mwaka 1846. Ilipita zaidi ya miaka 100, hadi mwaka 1962, ndipo Gerald Edelman na Joseph Gally walipothibitisha kuwa kitu hicho ndiyo ile minyororo miepesi ya kingamwili.

Na hapa ndipo ninapotaka ndugu zetu wa Wizara wanisikilize kwa makini. Kile kijiti cha kupimia mkojo kilichomo katika kila zahanati kimetengenezwa kugundua albumini. Minyororo miepesi hakiioni, au huiona kwa shida kabisa. Mkojo unaweza kujaa sumu hii na kijiti kikabaki na rangi yake ileile. Mhudumu aliyesema mkojo ni safi hakusema uongo, alisoma alichopewa kusoma. Lakini matone machache ya asidi ya salfosalisiliki yakitiwa katika mkojo wa namna hiyo huugeuza ukawa kama tui, na asidi hiyo si kitu cha anasa. Maabara ya hospitali ya wilaya ikiwa na asidi hiyo, ikaweza kupima kreatinini, kalisi na wingi wa damu, daktari atakuwa na sababu ya kutosha ya kumvusha mgonjwa mapema, akapimwe protini za damu na uboho. Si haki mtu avushwe bahari baada ya mafigo kufa kwa sababu tu kipimo cha bei ndogo hakikuagizwa.

Huenda mtu akasema kuwa ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Ni kweli kwamba mayeloma ni takriban mgonjwa 1 katika kila wagonjwa 100 wa saratani. Hata hivyo, huko Marekani imeonekana kuwa watu weusi hupatwa nao kiasi cha mara mbili kuliko weupe, na sisi hatuna sababu ya kujihesabu kuwa tumesalimika. Tena, baina ya mgonjwa mmoja katika watano na nusu ya wagonjwa wote huwa mafigo yao yamekwisha kudhurika siku ile ugonjwa unapogunduliwa.

Habari njema ni kuwa mafigo hayo yanaweza kurudi, nayo kwa wengi hurudi, iwapo matibabu yataanza upesi. Mgonjwa hupewa maji kwa wingi chini ya uangalizi, kalisi hushushwa, na saratani hupigwa bila ya kungoja. Deksamethasoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Bortezomibi, iliyoanza kutumika mwaka 2003, haitegemei mafigo ili itoke mwilini, kwa hiyo hufaa hata kwa mtu ambaye mafigo yake yamelegea. Yakichelewa, hubaki mashine ya kusafisha damu, aghalabu mara tatu kwa wiki. Nani katika wakulima wetu wa Micheweni au Makunduchi atayaweza maisha hayo?

Kwa upande wetu wananchi, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake zisigeuzwe kuwa chakula. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye mafigo, na kwa mgonjwa wa mayeloma huenda zikawa ndizo zinazoyamaliza. Muuza duka la dawa asione taabu kumuuliza mzee anaekuja kila wiki: huu ni mwezi wa ngapi unaumwa?

Lipo pia suala la funga, nami sitalikwepa, kwa kuwa nilikaa chuoni mbele ya maalim kabla sijakaa skuli ya Serikali. Nimewaona wagonjwa wa mafigo wakijikausha kutwa nzima kwa kuona haya ya kula mchana. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, palepale penye amri ya kufunga, na asiyetarajia kupona ana fidia ya kumlisha masikini. Masheha na maimamu wetu wangefanya jambo la maana kulikumbusha hilo mwezi wa Shaabani, si baada ya mtu kuzimia.

Bajeti ya Afya inapofikishwa Baraza la Wawakilishi, wajumbe wetu huuliza sana habari za majengo na magari. Safari hii na waulize ni maabara ngapi za wilaya, Unguja na Pemba, zina uwezo wa kupima kalisi ya damu, na ile asidi iliagizwa mara ya mwisho mwaka gani.