Kinkondja: Anayetafuta kazi ya serikali asitegemee ramani ya zamani

Sheria ya Julai 15, 2016 inataka watumishi wa serikali ya Kongo waajiriwe kwa mtihani wa ushindani. Kwa vijana wa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, mtihani huo ni nafasi hata kwa asiye na ndugu ofisini.

Lakini anayesomea vitabu vya zamani atajikwaa. Majimbo si 11 tena. Tangu 2015 ni 26, Kinshasa ikiwemo, kama Katiba ya 2006 ilivyopanga. Katanga ikagawanywa mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami, yenye makao makuu Kamina.

Maandalizi yaanzie nyumbani: teritwari ya Bukama, mto Lualaba, mbuga ya Upemba iliyoundwa 1939. Kisha redio kila jioni, daftari mkononi.